Skima Iliyofurika Usiku: Uchambuzi wa Kisa cha Tangi la Matumbawe Jijini Nairobi

Usuli

Kisa hiki kinahusu tangi la maji ya chumvi katika nyumba ya ghorofa jijini Nairobi, ambamo mwenyewe alifuga samaki wachache wa baharini pamoja na matumbawe. Jina lake, mtaa anaoishi na maduka aliyonunua vifaa vimeachwa, na mambo machache yasiyoathiri mafunzo yamebadilishwa ili asitambulike. Vipimo na mfuatano wa matukio vimetoka katika daftari lililokuwa kando ya tangi, na katika mazungumzo na mwenye tangi pamoja na dada anayemsaidia nyumbani, ambaye ndiye hasa aliyekuwa akiliona tangi hilo mchana kutwa.

Tangi kuu lilikuwa la lita 300, na chini yake ndani ya kabati palikuwa na tangi dogo la vifaa. Ukiondoa nafasi ya miamba na mchanga, maji yote ya mfumo yalifika takriban lita 340. Humo waliishi samaki nemo wawili, kangaja mmoja na samaki wengine wanne wadogo, pamoja na matumbawe laini, matumbawe magumu yenye minyiri minene, na vipande viwili vya matumbawe ya matawi ambavyo alikatiwa na mfugaji mwenzake. Chumvi ilikuwa ya kopo, ikichanganywa nyumbani kufikia gramu 35 kwa kila kilo ya maji, kiwango kinachokaribia kile cha bahari.

Skima ya protini aliletewa na ndugu yake kutoka Marekani. Kwa asiyeifahamu, kifaa hiki ni bomba la plastiki lililosimama wima ndani ya tangi la chini, ambamo pampu husukuma maji yaliyochanganyika na viputo vidogo mno vya hewa. Uchafu wa kikaboni unaotokana na kinyesi, mabaki ya chakula na ute wa samaki una molekuli ambazo upande wake mmoja hukwepa maji, kwa hiyo hujibandika kwenye uso wa kiputo. Viputo vikipanda hujikusanya kuwa povu, nalo povu hupanda shingo ya skima na kumwagikia kikombe kilicho juu. Kwa njia hiyo sehemu ya protini na mafuta hutolewa kabla bakteria hawajaigeuza kuwa amonia na hatimaye naitreti. Naitreti na fosfeti zilizokwisha kuingia majini haziondolewi na skima, jambo linalosahaulika sana wakati wa kununua. Kazi yake ya pili, ambayo katika kisa hiki iligeuka kuwa muhimu kuliko ya kwanza, ni kuingiza oksijeni majini na kutoa kaboni dayoksaidi.

Pampu ya skima hiyo iliandikwa volti 120, hezi 60 (yaani mizunguko 60 ya umeme kwa sekunde). Umeme wa Kenya ni volti 240, hezi 50. Fundi wa umeme aliunganisha transfoma ya kushusha volti, pampu ikazunguka, na suala hilo likahesabiwa kuwa limekwisha.

Mfuatano wa matukio

Kwa wiki ya kwanza kikombe kilikaa kikavu, na hilo halikumshtua mwenye tangi kwa kuwa alikuwa amesoma kwamba skima mpya huchukua siku kadhaa, wakati mwingine hata wiki mbili, kabla ya kuanza kutoa povu la kuaminika. Wiki tatu zilipopita na kikombe kikiwa bado na unyevu tu, alianza kukaza koki ya maji yanayotoka, kidogo kidogo, ili maji yapande zaidi ndani ya shingo. Povu likaja, lakini jepesi, la majimaji, lisilo na rangi wala harufu. Dada wa nyumbani, aliyepewa kazi ya kumwaga kikombe, aliandika rangi ya kilichomo kila alipokimwaga, na kwa mwezi mzima daftari linarudia neno moja: "maji". Skima inayofanya kazi vizuri ingempa kitu chenye rangi ya strungi na harufu ya kumfanya mtu ageuze uso.

Kufurika kulianza hapo. Maji ya tangi hupungua kwa kuvukizwa, na katika hewa kavu ya miezi ya mwanzo wa mwaka tangi hili lilipoteza karibu lita tano kwa siku. Kila baada ya siku mbili, jioni, mwenye tangi alirudishia ndoo ya lita kumi ya maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, katika tangi la chini, ambalo eneo lake lilikuwa dogo kiasi kwamba ndoo hiyo ilipandisha kimo cha maji kwa sentimita nne hivi. Skima ilikuwa imerekebishwa maji yakiwa chini. Sasa ikajikuta imezama zaidi, maji yakapanda shingoni, na kufikia usiku wa manane kikombe kilikuwa kimejaa na kumwagika ndani ya kabati. Jambo lilo hilo lilitokea kila umeme ulipopotea na kurudi, kwa kuwa pampu kuu, inayopandisha maji kutoka tangi la chini hadi la juu, ikisimama, maji ya tangi la juu hushuka kwa mabomba hadi la chini, na skima huamka ikiwa imezama kuliko ilivyozoea.

"Mama, ile mashine imetapika tena," ndiyo taarifa ambayo mwenye tangi alipewa asubuhi nyingi za mwezi wa Mei. Alitafuta suluhisho lililoonekana la busara: alitoboa kikombe, akaunganisha mpira mwembamba, na kuutumbukiza katika mtungi wa lita 20. Kabati halikulowa tena. Katika muda wa wiki tatu mtungi ulijaa mara mbili na nusu, yaani karibu lita 50, na kila mara kimo cha maji kilirudishwa kwa maji baridi. Hakuna aliyepima chumvi katika wiki hizo, kwa sababu kipimo kilikuwa kikifanywa siku ya kubadilisha maji tu, na ubadilishaji ulikuwa umeahirishwa kwa kukosa kopo jipya la chumvi.

Mwishoni mwa Juni mtaa ulikaa bila maji ya bomba, na wakazi wakaletewa maji kwa lori. Kwa kutojua maji hayo yamewekewa klorini kiasi gani, mwenye tangi alitia dawa ya kuondoa klorini, ya aina ile ambayo pia ina viambato vya kulinda ute wa samaki. Dakika chache baada ya maji hayo kuingia, povu jeupe lilipanda kwa kasi, likajaza kikombe na mtungi, na halikushuka hata koki ilipofunguliwa yote. Aliizima skima, akikusudia kuiwasha wikendi.

Siku mbili baadaye, usiku wa baridi wa Julai, umeme ulikatika kwa muda wa saa sita. Madirisha yalikuwa yamefungwa. Asubuhi joto la maji lilikuwa limeshuka kutoka digrii 25 hadi 22, samaki nemo walikuwa wakipumua kwa kasi juu kabisa ya maji, na kangaja alikuwa amekufa. Vipande viwili vya matumbawe ya matawi vilianza kumenyuka ngozi siku hiyo hiyo na havikupona.

Uamuzi uliofanywa na sababu zake

Mwandishi wa uchambuzi huu aliitwa baada ya tukio hilo. Hoja iliyokuwa mezani ni kwamba skima ni mbovu na inunuliwe nyingine kubwa zaidi. Uamuzi wa kwanza ulikuwa kutonunua chochote, na kutoigusa koki, hadi vitu vitatu vipimwe: chumvi, kimo cha maji katika tangi la chini, na nguvu ya hewa inayovutwa na pampu.

Chumvi ilisoma gramu 30 kwa kilo. Hesabu inakubaliana na mtungi: ukitoa lita 50 za maji ya chumvi katika mfumo wa lita 340 na kurudishia maji baridi, unabaki na kiwango hicho hicho. Haikurudishwa kwa mkupuo, kwa kuwa matumbawe na samaki waliokwisha kuchoka hawastahimili badiliko la ghafla. Badala yake, maji yaliyovukizwa yalirudishiwa kwa maji ya chumvi ya gramu 35, lita tano kila siku, jambo linalopandisha kiwango kwa karibu nusu gramu kwa siku. Njia hii ni ya polepole lakini ina faida kwamba haihitaji mtu kukisia, na ilifika lengo katika muda wa siku kumi hivi.

Skima iliwashwa siku hiyo hiyo, koki ikiwa wazi kabisa, bila kutarajia povu lolote la maana. Lengo lilikuwa hewa. Dawa ile ya kuondoa klorini ilitolewa kwa mkaa amilifu, mkaa maalumu unaonasa kemikali, uliowekwa njiani mwa maji, pamoja na kubadilisha sehemu ya maji, na kuanzia hapo ikakubaliwa kwamba maji yote yanayoingia yapite kwanza katika chujio la osmosi, linaloondoa sehemu kubwa ya vitu vilivyoyeyuka majini, yawe ya bomba, ya lori au ya kisima. Visima vingi vya Nairobi vina floridi nyingi, na ingawa hilo halikuwa chanzo cha matatizo haya, ni sababu ya kutosha ya kutotia maji ya kisima moja kwa moja katika tangi la matumbawe.

Kuhusu pampu palikuwa na mabishano. Fundi alishikilia kwamba transfoma ilikuwa ndogo na kwamba kubwa zaidi ingetatua tatizo. Volti zilipimwa, zikawa sawa. Tatizo lilikuwa mahali ambapo transfoma yoyote haifiki: hushusha volti lakini haibadilishi hezi. Pampu ndogo za aina hii huzunguka kwa kufuata hezi za umeme, kwa hiyo iliyotengenezwa kuzunguka mara 3,600 kwa dakika kwenye hezi 60 huzunguka mara 3,000 kwenye hezi 50. Kupungua huko kwa sehemu moja kati ya sita kunaonekana kudogo, ila nguvu ya msukumo wa pampu hufuata kipeo cha pili cha kasi, hivyo hubaki chini kidogo ya asilimia 70. Hewa huingia kwa kuvutwa na mwendo wa maji. Mwendo ukilegea, hewa hupungua, na bila hewa ya kutosha hakuna povu zito. Pampu yenyewe ilikuwa ya moto kuliko inavyopaswa, dalili nyingine ya mota inayoendeshwa kwa hezi ambazo si zake.

Kidole kilipowekwa kwenye mdomo wa mrija wa hewa, mvuto ulikuwa hafifu kiasi cha kutiliwa shaka. Mrija ulivuliwa, na ndani ya tundu linaloingia kwenye pampu palikuwa na duara la chumvi iliyoganda, jeupe na gumu, lililoacha nafasi ya upana wa njiti ya kibiriti. Lilisafishwa kwa maji ya uvuguvugu. Viputo viliongezeka mara moja, lakini povu halikufikia hata nusu ya shingo, na hapo ndipo ilipobainika kwamba sababu ni mbili, si moja. Pampu ikabadilishwa kwa nyingine ya volti 24 za umeme wa mkondo wa moja kwa moja (DC, kama wa betri), ambayo adapta yake hupokea umeme wa nchi yoyote na mwendo wake hautegemei hezi. Bomba la skima na kikombe viliachwa vile vile.

Kwa kimo cha maji, kipande cha kioo kilisimamishwa ndani ya tangi la chini ili skima ikae katika chumba ambacho maji yake humwagikia chumba cha pili yakifika juu ya kioo, hivyo kimo chake hakibadiliki. Upungufu wa maji sasa unaonekana katika chumba cha mwisho pekee, ambacho kiliwekewa valvu ya boya inayojazia kutoka katika chombo cha maji ya osmosi. Chombo hicho kilichaguliwa kiwe cha lita 15 kwa makusudi: boya likikwama wazi na maji yote yakaingia, chumvi itashuka kwa gramu moja na nusu tu, na samaki watalistahimili hilo.

Mrija wa hewa ulirefushwa hadi nje ya dirisha. Kabla ya hapo pH ya asubuhi (kipimo cha asidi, ambacho hushuka kaboni dayoksaidi ikizidi majini) ilikuwa 7.8, kwa sababu katika nyumba iliyofungwa kwa baridi, yenye watu waliolala na jiko la gesi linalowashwa alfajiri, skima huvuta hewa yenye kaboni dayoksaidi nyingi na kuipuliza moja kwa moja majini. Siku chache baada ya badiliko ilisoma 8.1. Mrija wa nje una faida nyingine isiyotajwa mara nyingi: dawa ya mende ikipulizwa jikoni, skima inayovuta hewa ya ndani huipeleka kwa samaki kwa ufanisi mkubwa mno.

Matokeo

Kwa kangaja na matumbawe ya matawi msaada ulichelewa. Matumbawe laini yaliyokuwa yamejikunja kwa zaidi ya wiki mbili yalifunguka chumvi ilipofika gramu 33. Pampu mpya ilitoa povu zito siku ya nne, na katika daftari la dada neno "maji" linakoma. Baada yake ni "strungi nyepesi", kisha "strungi". Kufurika kulitokea mara moja tu tangu hapo, siku ambayo mwenye tangi aligundisha jiwe kwa gundi ya kukanda na kuingiza mikono majini, na povu lilitulia lenyewe kesho yake bila koki kuguswa.

Naitreti ilishuka kutoka miligramu 40 kwa lita hadi 15 katika muda wa miezi miwili. Haitakuwa haki kuipa skima sifa yote ya upungufu huo, kwa kuwa katika miezi hiyo hiyo ubadilishaji wa maji ulirejea, chakula kilipunguzwa, na samaki mmoja mkubwa hakuwapo tena.

Uchambuzi

Kosa lililozaa mengine halikuwa la uzembe. Mwenye tangi alifanya kile ambacho maelekezo mengi humwambia mtu afanye kikombe kinapokuwa kikavu: alipandisha maji shingoni. Lakini koki hiyo imekusudiwa kuamua povu liwe zito au jepesi, pale ambapo hewa na kimo cha maji vimekwisha kuwa sawa. Ikitumiwa kufidia hewa isiyotosha, hutoa maji ya tangi badala ya povu, na skima inabaki ukingoni mwa kufurika ikingoja ndoo ya jioni. Mtu akisogeza koki leo na kimo kikabadilika kesho, hawezi kujua ni kipi kilichosababisha nini, na ndiyo sababu wiki nyingi za marekebisho hazikumfunza chochote.

Mtungi wa lita 20 ndio uamuzi ninaouona kuwa wa hatari kuliko yote, ingawa ulionekana kuwa suluhisho. Kikombe kinachomwagika kabatini kinaudhi, na kinamlazimisha mtu ashughulike. Mtungi uliondoa karaha na kuficha upotevu wa chumvi. Anayetaka kutumia mtungi wa aina hii, na ziko sababu nzuri za kuutumia, auwekee boya la kuzima pampu unapojaa, na apime chumvi kila unapomwagwa.

Kifo cha kangaja kinahitaji kuelezwa kwa uangalifu, maana kukatika kwa umeme peke yake si maelezo ya kutosha. Tangi hilo lilikuwa limevumilia katizo kama hilo mwezi Aprili. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na shinikizo la hewa ni kama asilimia 82 ya lile la Mombasa. Maji ya chumvi yenye joto la digrii 25 ambayo pwani yangebeba oksijeni ya miligramu 6.7 kwa lita, hapa hubeba 5.5 hivi hata yakichanganywa vizuri kabisa. Mfugaji wa Nairobi huanza kila usiku na akiba ndogo kuliko ile inayodhaniwa katika maandiko yaliyoandikwa kwa ajili ya miji ya pwani. Tangi hili liliingia usiku ule likiwa na akiba ndogo zaidi: skima ilikuwa imezimwa siku mbili, uchafu ambao ungetolewa ulikuwa ukiliwa na bakteria wanaotumia oksijeni hiyo hiyo, na chumvi iliyoshuka ilikuwa imewachosha samaki. Kangaja ni samaki anayeogelea bila kutulia na anahitaji oksijeni nyingi, hivyo alikuwa wa kwanza kuathirika. Kama skima ingeachwa ikizunguka koki wazi na kikombe kimevuliwa, povu la dawa lingerudi lenyewe katika tangi la chini na maji yangeingia gizani yakiwa na hewa ya kutosha. Sasa kuna pampu ndogo ya hewa inayotumia betri na kujiwasha umeme ukipotea. Ni kifaa cha bei ya chini kuliko vyote vilivyonunuliwa.

Kilichofanya kazi vizuri tangu mwanzo, na ambacho hakikupewa uzito, ni daftari. Dada wa nyumbani hakuwa amefundishwa chochote kuhusu skima, lakini rangi alizoandika zilionyesha wiki nne kabla ya msiba kwamba kinachotoka si uchafu. Mwenye tangi alilisoma akitafuta mara ngapi kikombe kimejaa, akafurahia kwamba kinajaa.

Swali la skima kubwa zaidi liliulizwa tena mwezi Septemba, naitreti ilipokwama kwenye 15. Jibu lilibaki lile lile. Samaki sita wadogo hawatoi uchafu wa kutosha kudumisha povu katika shingo pana, na skima iliyozidi mzigo wake hukaa kavu siku nzima kisha hutoa povu saa chache baada ya chakula. Kwa idadi hii ya samaki, kinachobaki kufanywa ni kusafisha shingo ya iliyopo kila baada ya siku tatu, kwa kuwa mafuta yanayoganda humo huvunja povu, na kupitisha maji ya uvuguvugu katika mrija wa hewa mara moja kwa mwezi kabla chumvi haijaganda tena.